Ubora wa Kifasihi wa Bawaba ya Chini

Nchi yetu haina misukule. Naanza na hilo kwa sababu Sheria ya Utulivu, kifungu cha pili, inataka kila maandishi yaanze na hilo, nami katika miaka kumi na mmoja ya utumishi sijavunja kifungu hata kimoja. Wale wanaotembea nje ya ukuta mashavu yakiwa yameoza ni wananchi wasiotulia. Walikufa kihalali, wakazikwa kwa heshima zote, kisha kwa sababu ambazo serikali inaendelea kuzichunguza wakaamua kuamka. Zamani msukule alikuwa na mwenyewe, mchawi fulani wa kumlisha pumba na kumlimisha shamba. Hawa hawana mwenyewe, na pumba hawali.

Mwaka wa kwanza walikula miji mitano. Hilo nalo halikutokea. Kilichotokea ni kwamba serikali iliihamishia nchi nzima katika mji mmoja, kwa nia ya kusogeza huduma karibu na wananchi, na mji ukazungushiwa ukuta kwa ajili ya mapambo. Ukuta una mageti mawili, la mashariki na la magharibi, yote ya chuma kizito, yote mapambo.

Kwa kuwa jambo lisilokuwepo haliwezi kutangazwa redioni, anayelitaja kwa mdomo huhesabiwa mzushi, na adhabu ya mzushi ni kutolewa nje ya geti akatafute ushahidi. Wametoka wengi. Hakuna hata mmoja aliyerudi na ushahidi, jambo linaloonyesha kwamba serikali ilikuwa na haki tangu mwanzo.

Lakini msituone watu wakavu. Kifungu cha tisa kinasema mtu ana ruhusa ya kuandika lolote juu ya misukule, hata jina lenyewe, mradi liwe riwaya, na riwaya hiyo iwe na ubora wa kifasihi. Ndipo likaundwa Baraza la Ubora wa Fasihi, lenye wajumbe saba na muhuri mmoja. Mimi, Lukindo Mshangama, ni Karani wake wa Usahihi. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba katika vitabu vyetu wiki ina siku saba na mbuzi ana miguu minne.

*

Basi watu wetu wakageuka wasomaji. Kabla ya hapo tulikuwa taifa la kusoma vichwa vya magazeti kwenye meza ya muuzaji, mikono nyuma, bila kununua. Sasa riwaya ikitoka asubuhi, saa nne imekwisha. Msichana wa sura ya pili akinywa maji ya kisima cha Mnadani tumbo likamvuruga, kisima cha Mnadani hakichotwi tena. Wapenzi wakiagana kwa machozi juu ya daraja la chini, daraja la chini halipitwi. Hakuna anayeuliza kama kitabu ni kitamu. Huuliza wapi na lini, kisha hufungasha.

Hata Ofisi ya Makazi ilifuata mtindo huo. Ukitaka kuhamishwa mtaa, unapeleka nakala ya ukurasa unaokuhusu, wenye muhuri wa Baraza. Bila ukurasa huna hoja.

Kusema kweli, katika mji ule mzima watu waliokuwa wakisoma riwaya kama riwaya walikuwa saba tu, na wote walikuwa wajumbe wa Baraza. Nililiona hilo kama fahari.

*

Bi Sikitu Malemo alikuwa mpakaji grisi wa geti la mashariki. Kila Alhamisi alipanda ngazi na kopo lake, akazipaka bawaba tatu za geti, ya juu, ya kati na ya chini. Alhamisi moja aliipangusa kutu bawaba ya chini, kidole chake kikaingia ndani ya chuma na kutokea upande wa pili. Ng'ambo ya geti wananchi wasiotulia walikuwa wameegemea kwa mabega, kama wanavyofanya siku zote. Hawana haraka.

Alikwenda kwa msimamizi wake, Bwana Kipara.

"Sikitu, dada yangu," msimamizi akamwambia, "geti ni pambo. Pambo halina hitilafu."

"Kidole kimepita, bosi."

"Sikusikia." Kisha akashusha sauti. "Una daftari? Nenda kaandike. Na ujitahidi kuweka mapenzi kidogo, wanapenda."

Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Hatua sitini kutoka geti lile, katika Mtaa wa Kokoto, aliishi mama yake, Bi Nunu, mwalimu mstaafu, miguu imevimba kiasi kwamba kumwinua kulitaka wanaume wanne na mlango ulioondolewa ukutani wa kumbebea. Ofisi ya Makazi ilishasema: ulete ukurasa. Sikitu alijua kwa mkono wake kwamba bawaba ile, ikishikilia sana, ingeshikilia wiki tano. Alitaka mama yake ahamishwe kabla ya hapo. Hakutaka zaidi ya hilo, na nasisitiza kwa sababu baadaye Baraza lilidai kwamba alikuwa akitafuta umaarufu.

Aliandika kurasa ishirini na mbili kwa siku nane, akaja kwetu na mikono bado ina grisi. Nilimpokea kwa adabu nikamweka katika Nyumba ya Waandishi, ambako mwandishi hukaa mpaka kazi yake ihakikiwe, ili asiwashawishi wasomaji. Mlango hufungwa kwa nje. Chakula ni kizuri, na mtu pekee anayeruhusiwa kuzungumza naye ni Karani wa Usahihi.

*

Nilisoma mswada kwanza mimi. Ulianza hivi: "Bawaba ya chini ya geti la mashariki imeoza. Wako mia mbili na zaidi wanaegemea. Watu wa Mtaa wa Kokoto wahame." Kurasa nyingine zote zilieleza jinsi ya kuhama, nani abebwe, nani atangulie. Mwisho ulikuwa maneno mawili: "Mama, hama." Nakiri maneno yale yalinichoma. Nikanywa maji, yakapita.

Baraza lilikaa. Mwenyekiti wetu, Profesa Ndimbwa, ni mtu ambaye hata akiomba chumvi mezani huanza na utangulizi.

"Ndugu wajumbe," alisema, "fasihi ya msukule katika taifa letu, taifa ambalo halina misukule, imefika njia panda. Kila siku tunaletewa msukule anayekula. Namuuliza mwandishi: basi? Huyu msukule ana njozi gani? Utoto wake uko wapi? Alimpenda nani? Mtu hawezi kunila mimi, msomaji, bila kunipa kwanza sababu ya kuwa na huruma naye!"

Makofi yalichukua muda. Kisha ukazuka mjadala mzito, kama msukule ni mhusika au ni mandhari, na mjadala huo ulichukua wiki nzima, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa na wasomi. Ulimalizika kwa azimio kwamba ni mhusika akiwa mmoja na mandhari wakiwa wengi. Kwa hiyo mia mbili na zaidi wakapunguzwa wakawa mmoja.

Siku iliyofuata Daktari Stahimili Rweyo, mtaalamu wetu wa ishara, akainua mkono. "Hii bawaba," akauliza, "inaashiria nini?"

Nilitumwa kwenda kumuuliza mwandishi. Nilimkuta amekaa chini, akihesabu siku kwa vidole.

"Kaka Lukindo," akanijibu, "bawaba haiashirii kitu. Imeoza."

Nilirudi na jibu hilo. Baraza lilisikitika sana. Profesa alisema ndiyo hasara ya kuwaachia mafundi kalamu.

Hata hivyo dada yule alikuwa msikivu. Akampa msukule utoto, akampa mchumba aliyemwacha, akampa ndoto ya kuwa mwalimu wa kwaya. Alifanya yote hayo kwa siku mbili, mwandiko ukikimbia, na katikati ya huyo msukule mwenye majonzi bawaba yake ilikuwa bado ipo, geti la mashariki, la chini. Wiki tatu zilikuwa zimepita.

Ndipo Daktari Stahimili akatoa hoja iliyomaliza kazi.

"Wenzangu, mashariki ni mawio. Ni kuzaliwa, ni matumaini. Mauti yanaingiaje kutoka mashariki? Msomaji mwerevu atakataa. Mauti yaingie magharibi, jua linakozama, na kitabu kiitwe *Geti la Machweo*."

Watu wakasimama. Mjumbe mmoja mzee alifuta machozi. "Hapo sasa," Profesa akasema, "hapo sasa tuna fasihi."

*

Nilimpelekea Bi Sikitu habari njema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikikataa?"

"Baraza litaandika kwamba kazi haina ubora. Na maandishi ya misukule yasiyo na ubora ni uzushi, dada yangu. Unajua mzushi huenda wapi."

"Na mama yangu?"

"Atabaki alipo. Hatakuwa na ukurasa."

"Nikikubali, mama atakisoma?"

"Nakala ya kwanza hupelekwa kwa mzazi wa mwandishi. Naipeleka mwenyewe, kwa mkono wangu."

Alikaa siku moja bila kula. Kesho yake aliomba karatasi, na jioni akanikabidhi mswada uliosafishwa, magharibi kila mahali palipokuwa na mashariki. Aliushikilia kidogo kabla ya kuuachia.

"Utaupeleka kama ulivyo?"

"Kama ulivyo, baada ya usahihi."

"Mama yangu ni msomaji," akasema. "Ataelewa."

Nilidhani anazungumzia dhamira.

Niliupitia mswada kwa kalamu nyekundu, na katika ukurasa wa tisa nikakuta hivi: "Asubuhi ile jua lilichomoza nyuma ya geti la magharibi, likawaangaza migongo waliokuwa wameegemea nje." Nikatabasamu. Mwanamke aliyepanda ngazi ya geti la mashariki kwa miaka saba, jua la asubuhi likimpiga usoni kila Alhamisi, anakosea vipi jambo ambalo hata kuku analijua? Uchovu, nikasema. Kufungiwa. Nikaamua kumsitiri, nisimtaje hata kwenye taarifa yangu. Nikakata "asubuhi" nikaandika "jioni", nikakata "lilichomoza" nikaandika "lilizama". Kosa lenyewe alikuwa amelirudia mara tatu, sura tatu tofauti, nami nikalisahihisha mara zote tatu. Mwenyekiti aliusifu usahihi wangu mbele ya wajumbe.

*

*Geti la Machweo* kilizinduliwa kwa hotuba nne. Waziri wa Utulivu alisema kitabu kile ni ushahidi kwamba taifa lisilo na misukule linaweza kuandika juu ya misukule vizuri kuliko mataifa yanayoliwa nayo. Bi Sikitu hakuhudhuria, kwa sababu hati yake ya kutoka ilikuwa ikisubiri sahihi ya tatu.

Saa nne kitabu kilikuwa kimekwisha. Saa sita watu wa magharibi walikuwa njiani na magodoro vichwani, masufuria, kuku wamefungwa miguu, wagonjwa kwenye mikokoteni. Wote walielekea mashariki. Ofisi ya Makazi ilifanya kazi siku ile kuliko siku zote, ikigonga mihuri, kila mtu na ukurasa wake mkononi. Mtaa wa Kokoto ulijaa mpaka watoto wakalazwa juu ya meza za sokoni, na mahema yakafika hadi ukutani, yakaligusa geti lenyewe.

Mimi nilichukua nakala ya kwanza, nikaenda kwa Bi Nunu kama nilivyoahidi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umeniletea kazi ya Sikitu."

Alivaa miwani, akasoma. Nilisubiri sahihi yake ya kupokea, nikadhani atafungua kurasa mbili tatu. Alisoma chote. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Mara ya tatu alikuwa akisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayetafuta sindano sakafuni.

"Mwanangu anafanya kazi geti la huku," akasema. "La magharibi kalijulia wapi?"

"Riwaya ni ubunifu, Mama."

"Ubunifu naujua, nimeufundisha miaka thelathini." Kidole chake kilikuwa kwenye ukurasa wa tisa. "Jua linazama magharibi."

"Ndiyo, Mama."

"Na hapa tena linazama. Na hapa." Akafungua ukurasa mwingine. "Hakuna palipopinda hata padogo."

"Hakuna," nikamjibu, na nilijisikia vizuri. "Nimepitia mwenyewe."

"Kwa hiyo ndivyo alivyoandika."

"Ni vizuri zaidi ya alivyoandika, Mama."

Alivua miwani, na uso wake ukalegea, nikaona kwamba muda wote ule alikuwa na hofu. "Basi huku ni salama. Mimi ndiye niliyemfundisha Sikitu kusoma. Tangu mdogo, akiwa na jambo ambalo hawezi kulisema, ananiandikia upuuzi makusudi, ng'ombe anaruka, mvua inapanda juu, mimi nikiona hapo najua kuna neno. Ingekuwa hatari iko kwetu angeniwekea upuuzi." Akaita nje: "Jamani, wale wa magharibi mlio juani, ingieni! Vyumba viwili vipo. Huku kwetu hakuna neno."

Waliingia watu kumi na wanne. Walikuwa na mtoto mchanga. Bi Nunu akawaelekeza mikeka ilipo, na sukari ilipo.

*

Hapo ndipo nilipoelewa. Nalisema wazi, kwa kuwa nimechoka kulisema kwa namna nyingine. Nilikuwa nimesimama hatua sitini kutoka geti la mashariki, mbele yangu mwanamke asiyeweza kutembea, mtaa mzima umejaa watu waliokuja kwa ajili ya kalamu yangu nyekundu, na nilijua. Kumwambia kulihitaji maneno matatu: Mama, ni huku. Mdomo nilikuwa nao.

Lakini neno la mdomo ni uzushi, nami nina miaka kumi na mmoja ya utumishi. Nikamwomba sahihi yake ya kupokea, akaitia kwa mwandiko mzuri wa kialimu, nikaaga.

Nilikwenda mbio ofisini. Msidhani sikufanya kitu. Nilijaza Fomu ya Sahihisho la Sahihisho, nakala tano, nikieleza kwamba jua la ukurasa wa tisa lirudishwe lilikokuwa. Fomu ile hupitishwa na kikao, na kikao kilikuwa mapumzikoni kusherehekea kitabu. Siku ya kwanza nilikaa nje ya mlango wa Profesa. Siku ya pili pia. Siku ya tatu alinipokea, akaisoma fomu, akacheka kwa upole.

"Lukindo, unataka jua lichomoze magharibi?"

"Ndivyo mwandishi alivyoandika, Profesa."

"Hilo si jambo la usahihi, hilo ni la mtindo. Liandikie hoja, tutalijadili robo ijayo."

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, bawaba ya chini ikakatika. Ya kati ilishikilia dakika chache, nasikia, kwa kuwa ilikuwa imepakwa grisi vizuri. Askari waliwahi kuufunga mji katikati kwa mabehewa ya zamani ya reli, na waliokuwa upande wa pili wakapiga mabehewa kwa mikono mchana kutwa. Kisha upigaji ukabadilika, ukawa wa taratibu, bila haraka. Mabehewa hayakufunguliwa.

*

Baraza lilikaa kikao cha dharura. Ilikubalika kwamba Mtaa wa Kokoto haujawahi kuwepo. Daktari Stahimili alieleza kwamba hata kama ungekuwepo, tukio lenyewe lisingekidhi vigezo: wahusika wengi mno bila utoto, na upande wa mashariki, kosa lilelile ambalo Baraza lilikwisha kulikemea. Profesa Ndimbwa alipendekeza *Geti la Machweo* kipewe Nishani ya Taifa. Kura zilikuwa saba kati ya saba.

Sahihi ya tatu ikapatikana, Bi Sikitu akatoka Nyumba ya Waandishi. Alikuja moja kwa moja ofisini kwangu. Alikwisha kuyaona mabehewa. Nishani ilikuwa mezani kwenye kisanduku chake, hakuitazama.

"Alisoma?" akaniuliza.

"Mara tatu."

"Akaona jua?"

Nilikuwa na majibu mengi, mengine ya kufaa. Nilitazama mlango, ulikuwa wazi, na karani wa pili alikuwa akisikia. "Nililizamisha mimi," nikasema. Kwa miaka yote ile, hilo lilikuwa neno la kwanza kunitoka mdomoni bila kupitia Baraza, na lilikuwa limechelewa siku nne.

Hakunipiga. Nilitaka anipige. Alivuta kiti akakaa, akaweka mikono yake juu ya meza, grisi ikiwa bado kwenye mistari ya viganja.

"Kurasa ishirini na mbili, kaka," akasema. "Humo ndani niliandika vizuri sentensi moja tu. Na ndiyo uliyoikata."